Uwanja wa gofu uliopata thamani kwa kurudi mchangani

Mwaka 2010 wamiliki wa uwanja wa gofu wa Pinehurst Namba 2, ulioko katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, walifanya uamuzi ambao mkulima yeyote angeuona kuwa ni wazimu. Walilipa fedha ili majani mabichi yaliyostawi vizuri yang'olewe katika eneo la ekari kati ya 35 na 40, vichwa vya kunyunyizia maji vifukuliwe, na mahali pake pabaki mchanga na mashina ya nyasi za porini.

Uwanja huo haukuwa umefilisika wala kukimbiwa na wateja. Ulikuwa umeandaa mashindano makubwa ya US Open mwaka 1999 na 2005, na tayari ulikuwa umepewa nafasi ya kuyaandaa tena mwaka 2014. Kwa maneno mengine, biashara ilikuwa inakwenda. Katika hali kama hiyo, wafanyabiashara wengi huona ni busara kuacha mambo yalivyo.

Hata hivyo, matokeo yameonyesha kuwa wamiliki hao hawakukosea. Uwanja umebaki mgumu kwa wachezaji hodari wa kizazi hiki, unatumia maji kidogo zaidi, na umejihakikishia mashindano kwa miaka mingi ijayo. Sababu zilizowafikisha hapo zinafaa kutazamwa kwa makini na mkulima wa ekari 2 na mwenye duka la mtaani, hata kama hawajawahi kushika fimbo ya gofu.

Ni kweli kwamba gofu huonekana kuwa mchezo wa wenye nacho. Lakini ukiondoa mavazi na magari madogo ya kubebea wachezaji, uwanja wa gofu ni shamba la nyasi. Una udongo, mbegu, mbolea, magugu, wadudu, vibarua na bili ya maji. Mwenye uwanja hulala akiwaza mvua kama anavyowaza mwenye shamba la mahindi.

Ardhi iliyodharauliwa

Historia ya Pinehurst inaanza na ardhi iliyochoka. Eneo hilo la North Carolina ni la mchanga mtupu, na zamani lilifunikwa na misonobari mirefu. Watu walikuja, wakagema utomvu, wakakata mbao, wakaondoka. Mwaka 1895 tajiri mmoja wa Boston, James Walker Tufts, aliyepata mali yake kwa kutengeneza mitambo ya kuuzia soda, alinunua zaidi ya ekari 5,000 za ardhi hiyo kwa bei ya karibu dola 1 kwa ekari. Ilikuwa bei ya ardhi ambayo haimlipi mkulima.

Tufts alijenga mji mdogo wa mapumziko kwa watu waliokimbia baridi ya kaskazini. Mwaka 1900 aliajiriwa kijana kutoka Dornoch, Scotland, aitwaye Donald Ross, kusimamia gofu. Ross alitoka kwenye pwani ambako gofu huchezwa juu ya mchanga na upepo, na alipofika Pinehurst aliona kitu ambacho wakulima hawakukiona. Mchanga haushiki maji. Mvua ikinyesha, baada ya muda mfupi ardhi huwa kavu na ngumu, mpira hudunda na kubingirika mbali. Ardhi mbaya kwa mahindi ilikuwa ardhi bora kwa mchezo huo.

Uwanja Namba 2 ulikamilika ukiwa na mashimo 18 mwaka 1907, na Ross aliendelea kuurekebisha hadi alipofariki mwaka 1948. Kwa miaka mingi hata zile sehemu laini zenye shimo, ambazo wachezaji huziita grini, hazikuwa na nyasi bali mchanga uliosawazishwa. Wachezaji wa zamani wa Afrika Mashariki hawatashangaa, kwa kuwa baadhi ya viwanja vya bara huku nako vilitumia mchanga uliochanganywa na mafuta. Pinehurst ilipata grini za nyasi katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1936 mashindano ya PGA ya Marekani yakachezwa hapo.

Jambo la kukumbuka ni jinsi Ross alivyoupanga ugumu wake. Njia ya kuchezea, yaani ile sehemu ya katikati inayokatwa majani, ilikuwa pana. Mchezaji wa kawaida aliweza kupiga mpira bila hofu ya kuupoteza. Lakini grini zilikuwa na mgongo ulioinuka katikati na kushuka pembeni kama sahani iliyofunikwa. Mpira uliopigwa kutoka upande usiofaa ulitemwa ukateremka nje. Kwa hiyo njia ilikuwa pana, lakini mahali pazuri pa kusimama palikuwa padogo. Ugumu ulikuwa katika kufikiri kabla ya kupiga.

Kijani kilipokuja

Miaka ya 1970, baada ya familia ya Tufts kuuza mali hiyo, mtindo ulibadilika. Teknolojia ya umwagiliaji ilikuwa imeenea na watazamaji walikuwa wameanza kuona gofu kwenye televisheni za rangi. Uwanja mzuri sasa ulikuwa ule wa kijani tupu kuanzia ukingo hadi ukingo. Mchanga wa pembeni na nyasi za asili vikafunikwa na nyasi za kupandwa, vikamwagiliwa na kutiwa mbolea.

Nyasi zenyewe si ngeni kwa mkulima wa huku. Wamarekani huziita bermuda, lakini jamaa yake wa karibu ni ukoka uleule unaowatoa jasho wakulima wakati wa palizi. Watafiti wa Tifton, jimbo la Georgia, waliuchanganya ukoka na nyasi nyingine ya kundi hilo kutoka kusini mwa Afrika, wakapata chotara aitwaye Tifway aliyetolewa mwaka 1960 na kuenea katika viwanja vingi vya michezo vya nchi zenye joto. Ni nyasi nzuri. Tatizo halikuwa nyasi, bali mahali zilipopandwa na kiasi cha maji zilichopewa.

Kadiri majani yalivyoongezeka, njia ya kuchezea ilizidi kubanwa. Kufikia US Open ya mwaka 2005, sehemu zake nyingi zilikuwa na upana wa chini ya yadi 30, huku pembeni yakiachwa majani marefu mazito. Mchezaji aliyekosea kidogo alizama humo, na lililobaki lilikuwa kuchomoa mpira na kuurudisha njiani. Hapakuwa na la kufikiri. Uwanja ulikuwa mgumu kweli, lakini ugumu wake ulifanana na wa viwanja vingine mamia. Ile sifa iliyoutofautisha na wenzake ilikuwa imezikwa chini ya majani, na wamiliki walikuwa wanalipa kila mwezi ili iendelee kuzikwa.

Mchezaji wa leo

Upande mwingine, mchezaji naye alikuwa amebadilika. Fimbo za vichwa vya mbao ziliacha nafasi kwa za titani, na mipira ikaboreshwa. Mwaka 1980 wastani wa mkwaju mrefu katika mashindano ya kulipwa ya Marekani ulikuwa karibu yadi 257. Mwaka 2023 wastani huo ulifika karibu yadi 300, yaani zaidi ya mita 270. Mitego iliyowekwa na wajenzi wa zamani ikawa inarukwa hewani kama dimbwi barabarani.

Viwanja vingi vya zamani vilijibu kwa kurefuka. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Augusta National, ambako Tiger Woods alishinda mashindano ya Masters mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12. Mwaka 2002 uwanja huo ulirefushwa kutoka yadi 6,985 hadi 7,270. Haukuishia hapo. Klabu ilinunua kipande cha ardhi kwa jirani yake, na mwaka 2023 shimo la 13 likasogezwa kutoka yadi 510 hadi 545.

Augusta ina uwezo wa kufanya hivyo. Lakini si kila mwenye uwanja ana jirani wa kumuuzia ardhi, na kila yadi inayoongezwa ni nyasi za kukata, mbolea ya kununua na maji ya kuvuta. Aidha, mchezaji akirefusha tena mkwaju wake, mwenye uwanja hurudi mwanzo. Ni mbio ambazo anayezikimbia hafiki. Hata wasimamizi wa mchezo waliliona hilo, na mwezi Desemba 2023 walitangaza mpango wa kubadili vipimo vya mpira ili usiruke mbali kama ilivyokuwa.

Ikumbukwe kwamba Pinehurst nayo haikukwepa kabisa urefu. Kwa ajili ya mashindano ya mwaka 2014 uwanja ulivutwa hadi zaidi ya yadi 7,500. Tofauti ni kwamba urefu haukufanywa kuwa dawa pekee. Kazi kubwa ilikuwa kurudisha ule mtihani wa Ross.

Walianzia kwenye kumbukumbu

Kazi hiyo walipewa Bill Coore na Ben Crenshaw. Coore ni mzaliwa wa North Carolina aliyeucheza uwanja huo tangu ujana wake, na Crenshaw ni bingwa wa Masters wa mwaka 1984 na 1995. Wangeweza kuja na michoro mipya yenye majina yao. Badala yake walianza kwa kutafuta kumbukumbu.

Katika hifadhi ya nyaraka ya mji wa Pinehurst zilikuwepo picha za zamani. Picha za kusaidia zaidi zilipigwa kutoka angani siku ya Krismasi ya mwaka 1943, wakati wa vita. Zilionyesha waziwazi mahali ambapo njia zilipita, zilivyokuwa pana, na jinsi ukingo wake ulivyopotelea mchangani bila mstari wa kukatwa na mashine.

Ushahidi wa pili ulikuwa chini ya ardhi. Mabomba ya maji ya wakati wa Ross yalikuwa yamepita katikati ya kila njia, mstari mmoja tu. Walipoyafuata, walipata katikati halisi ya kila shimo kama alivyoikusudia mjenzi. Katika sehemu kadhaa ilionekana kuwa njia ilikuwa imehamishwa pembeni bila mtu kukumbuka ni lini na kwa nini.

Hapo ndipo kazi ya mikono na mashine ilipoanza. Majani ya pembeni yalibanduliwa hadi mchanga ukaonekana. Mashina yapatayo 200,000 ya nyasi za asili, nyembamba na ngumu kama waya, yalipandwa. Njia zilipanuliwa. Kisha uwanja wote ukaanza kukatwa kwa vimo viwili tu, kimo cha grini na kimo cha sehemu nyingine zote. Uwanja ulifungwa kwa miezi michache na kufunguliwa tena mwaka 2011.

Umwagiliaji ulirudishwa kwenye mfumo wa zamani. Kati ya vichwa zaidi ya 1,100 vya kunyunyizia maji, vilibaki vipatavyo 450, vingi vikiwa katika mstari mmoja wa katikati. Maji humwagika kwa wingi katikati na kupungua kadiri yanavyokwenda pembeni. Hivyo majani huwa ya kijani katikati, kisha manjano, kisha kahawia, kisha mchanga. Maji yenyewe ndiyo yanayochora mpaka wa njia.

Hesabu ya maji

Kabla ya ukarabati, uwanja huo ulikuwa unatumia karibu galoni milioni 55 za maji kwa mwaka. Baada ya ukarabati matumizi yalishuka hadi karibu galoni milioni 15. Tofauti ni galoni milioni 40, ambazo ni zaidi ya lita milioni 150.

Kwa msomaji aliyezoea kununua maji ya boza, hesabu hiyo ni sawa na maboza zaidi ya 15,000 ya lita 10,000 kila moja, au maboza 41 kila siku ya mwaka. Hayo yote yalikuwa yanamwagwa ili kuotesha majani ambayo, ilipokuja kujulikana, yalikuwa yanaharibu bidhaa.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa suala lenyewe. Mchezaji anayesafiri hadi Pinehurst halipii rangi ya kijani. Rangi hiyo anaweza kuiona kila mahali, hata nyumbani kwake. Analipia mtihani ambao hawezi kuupata kwingine. Wamiliki walikuwa wanatumia fedha nyingi kwa kitu ambacho mteja hakukijia, na fedha hizo zikawa zinaua kile alichokijia.

Mtihani wa kweli

Maneno mazuri ya wajenzi hayatoshi. Uwanja hupimwa na wachezaji. Mwezi Juni 2014 Pinehurst Namba 2 iliandaa US Open ya wanaume, na wiki iliyofuata US Open ya wanawake, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika uwanja mmoja kwa wiki mbili mfululizo.

Kwa wanaume, Martin Kaymer wa Ujerumani alicheza gofu ya pekee akamaliza mikwaju 9 chini ya kiwango cha uwanja na kushinda kwa tofauti ya mikwaju 8. Wapo waliosema kuwa uwanja umelegezwa. Lakini katika kundi lote la wachezaji bora duniani, ni watatu tu, Kaymer akiwamo, waliomaliza chini ya kiwango hicho. Kwa wanawake aliyefanya hivyo alikuwa mmoja tu, mshindi Michelle Wie, kwa mikwaju 2.

Mwaka 2024 wanaume walirudi. Safari hii mshindi alikuwa Bryson DeChambeau, mmoja wa wapigaji wa mbali kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Mtu angesema kuwa hatimaye nguvu imeshinda. Lakini ilivyokuwa ni kwamba kwenye shimo la mwisho mkwaju wake wa kwanza ulikwenda pembeni, wa pili ukaangukia kwenye shimo la mchanga, na mbele yake zilibaki yadi zipatazo 55. Kutoka hapo alipiga mpira wa polepole uliotua karibu na shimo, akausukumiza ndani na kumshinda Rory McIlroy kwa mkwaju 1.

Huo ndio ushahidi mkubwa wa kazi iliyofanyika. Mtu mwenye nguvu kuliko wengine alilazimika kushinda kwa utulivu, juu ya mchanga, umbali ambao hata mzee wa kijijini angeweza kuufikia. Nguvu haikukatazwa. Iliachwa itumike, kisha ikaulizwa swali ambalo haliwezi kulijibu peke yake.

Kwa upande wa biashara, chama cha gofu cha Marekani kilitangaza mwaka 2020 kuwa Pinehurst itakuwa makao ya kudumu ya mashindano hayo. Baada ya mwaka 2024, ilipangiwa kuyaandaa tena mwaka 2029, 2035, 2041 na 2047. Kwa mji mdogo wenye hoteli, migahawa, wabeba mifuko ya wachezaji na wauza kofia, hiyo ni kalenda ya mapato ya miaka zaidi ya 20.

Gharama iliyobaki

Si haki kuisimulia habari hii kana kwamba haikuwa na maumivu. Mwaka 2014 baadhi ya watazamaji wa televisheni walilalamika kuwa uwanja una rangi ya kahawia na unaonekana umekufa. Mteja aliyezoeshwa kijani huona kahawia kuwa ni uzembe, na mwenye mali analazimika kueleza kwa subira mpaka aeleweke.

Pia mchanga si eneo la kuachwa tu. Magugu huota. Mimea mingine ya asili husambaa ikawa mizito kuliko ilivyokusudiwa. Watunzaji wa uwanja wanapaswa kuijua mimea kwa majina, waamue upi unabaki na upi unang'olewa. Bili ya maji imepungua, lakini jicho la mtunzaji linahitajika zaidi. Anayedhani kwamba kurudi kwenye asili ni kukaa na kukunja mikono atapotea.

Jambo jingine ni kwamba ukarabati haukuwa kurudisha kila kitu cha zamani. Grini zilikuwa na nyasi aina ya bent, ambazo hupenda baridi na huteseka katika joto la kiangazi cha kusini mwa Marekani. Baada ya mashindano ya mwaka 2014 ziling'olewa, zikapandwa nyasi za jamii ya ukoka, za aina mpya inayovumilia joto na kukatwa fupi sana. Ross hakuwahi kuziona nyasi hizo. Lakini zilifaa kwa hali ya hewa ya mahali, na zikachaguliwa kwa sababu hiyo.

Mkulima na mfanyabiashara wajiulize

Upo msemo wa wahenga kuwa mwacha mila ni mtumwa. Msemo huo hutumiwa vibaya na wasiotaka kubadilika. Pinehurst haikurudi nyuma kwa sababu ya kupenda ukale. Ilirudi kwa sababu ilipiga hesabu ikagundua kuwa vilivyoongezwa havikuwa vinazaa.

Lazima pia isemwe wazi kuwa shamba la chakula si uwanja wa gofu. Mwenye uwanja anauza mchezo, na nyasi ni chombo tu. Mkulima wa mahindi anauza mahindi yenyewe. Akiacha mbolea na palizi kwa kisingizio cha kurudi kwenye asili, atavuna njaa. Asitokee mtu wa kuitumia habari hii kumdanganya mkulima kwamba udongo uliochoka hauhitaji kulishwa.

Swali linalomhusu ni lile lililoulizwa Pinehurst. Mteja analipia nini hasa, na fedha inakwenda wapi? Mkulima wa nyanya anayerusha maji shamba zima, mpaka kwenye njia za kupita watu, anamwagilia magugu kwa mafuta ya jenereta aliyoyanunua mwenyewe. Maji yakielekezwa kwenye mashina, iwe kwa mitaro midogo au kwa mabomba ya matone, njia hubaki kavu na palizi hupungua. Ni kanuni ileile ya mstari mmoja wa katikati.

Mwenye duka naye ana majani yake ya pembeni. Huenda ni rafu zilizojazwa bidhaa za kupendeza zisizotoka, zilizonunuliwa kwa mkopo kwa sababu duka la jirani linazo. Wateja wake huja kwa unga, sukari na lugha nzuri. Fedha iliyolala kwenye urembo ndiyo inayokosekana unga unapokwisha, na mteja aliyekosa unga mara mbili hahitaji kuambiwa duka jingine liko wapi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Funzo la pili ni kumbukumbu. Pasingekuwepo picha za mwaka 1943, Coore na Crenshaw wangebaki kubahatisha. Mkulima hahitaji ndege. Daftari la shilingi chache linatosha kuandika tarehe ya mvua ya kwanza, mbegu iliyopandwa, kiasi cha mbolea, magunia yaliyovunwa na bei iliyopatikana. Baada ya misimu mitano daftari hilo litamwambia kipande kipi cha shamba kinamlipa na kipi kinamla. Wazee wanaokumbuka shamba lilivyokuwa kabla ya kubadilishwa nao ni kumbukumbu, na hao hawahifadhiwi kabatini milele.

La tatu ni kuchagua mbegu kwa hali ya hewa ya mahali, si kwa jina lake kubwa. Kama uwanja tajiri uliweza kukiri kuwa nyasi zake za sifa haziwezi joto la mahali pale, hakuna aibu kwa mkulima wa eneo kame kuacha mahindi ya muda mrefu na kupanda mtama, au mbegu ya muda mfupi.

La nne, na pengine gumu kuliko yote, ni ujasiri wa kuondoa. Kuongeza ni rahisi, kwa kuwa kuna muuzaji mlangoni wa kumshawishi mtu aongeze. Hakuna anayepita mtaani akiuza kupunguza. Kwa hiyo mwenye mali inambidi ajishawishi mwenyewe, aanze na kipande kidogo, apime, kisha aendelee au aache kulingana na alichokiona.

Maofisa ugani na vyama vya ushirika wana nafasi hapa. Ushauri wanaoutoa mara nyingi huhesabu nini kiongezwe ili mavuno yapande. Ni vyema wakasaidia pia kuhesabu nini kitolewe ili faida ipande, maana gunia la ziada lililogharimu zaidi ya bei yake sokoni ni hasara iliyofungwa kamba.

Ardhi ya Pinehurst iliuzwa kwa dola 1 kwa ekari kwa sababu watu waliona mchanga. Miaka 75 baadaye mchanga huo ukafunikwa kwa sababu watu waliuonea aibu. Leo wachezaji bora duniani husafiri kwenda kuhangaika juu yake. Mchanga haukubadilika muda wote huo. Kilichobadilika ni macho ya mwenye shamba.